Namba za Ugonjwa wa Fiorenzo

Fiorenzo aliugua Jumamosi jioni, dakika ile ile matokeo ya bahati nasibu yalipotangazwa. Hakupimwa na daktari, hakulala kitandani, hakupata hata kikohozi. Wakati huo alikuwa karakanani kwake akigonga misumari kwenye mgongo wa kochi la watu, misumari mingine ameibana kwa meno, na bado anaimba. Lakini namba zilikuwa zimetoka, na Napoli namba zikishatoka daktari hana la kuongeza.

Chanzo kilikuwa Jumapili iliyotangulia, nyumbani kwa Titina muuza samaki wa chumvi, kwenye mchezo wa namba. Wanawake wa kichochoro kizima walikuwa wamejibana kuizunguka meza ndefu, kila mmoja na kadi zake, na Fiorenzo kwenye kiti cha mwita namba, shali nyekundu begani, kikapu mapajani. Simu yake ikalia. Akaizima, akafungua pochi, akatoa kidonge cha buluu, akakimeza kwa kahawa iliyobaki kikombeni, akarudisha mkono kikapuni.

"Sabini na saba, miguu ya mwanamke. Na si yako, Pupella. Yako ni ya meza."

Watu wakacheka, mchezo ukaendelea. Kidonge nacho kikaendelea na safari yake. Kesho yake kilikuwa kimefika kwa muuza magazeti. Kabla wiki haijakatika kilikuwa kimepewa jina: ni dawa ya ule ugonjwa, na binti wa mtu fulani anayefagia hospitali amekiona kwa macho yake.

Mtu wa Napoli akiota, akifiwa, akianguka ngazi, hutafuta namba ya jambo hilo akaichezee bahati nasibu, kwa kuwa hakuna kitu chini ya jua kisicho na namba yake. Wanawake wakakaa kitako wakashauriana, kwa huruma kubwa. Damu ni kumi na nane. Mwenye kulalama ni sitini. Wakazicheza hizo mbili, kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake, na Jumamosi zikatoka zote mbili.

"Si nilisema!" Titina alilia pale dukani, na machozi yalikuwa ya kweli. "Maskini Fiorenzo wa watu! Anao! Anao ugonjwa! Tumeshinda!"

Raimondo, mpwa wake, alikuwa ameinamia tangi la marumaru, mikono imezama hadi viwiko kwenye maji baridi, akigeuza mapande ya samaki ili yatoke chumvi. Aligeuza pande lile lile mara ya pili na ya tatu.

"Shangazi, huenda si hivyo. Huenda ni dawa ya kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Presha."

"Presha haina kumi na nane."

"Kwani presha si damu?"

Titina alisimama akafikiri kwa haki, maana hakuwa mwanamke wa kuonea mtu. Kisha akatikisa kichwa. "Ingekuwa presha, sitini isingetoka."

Raimondo akarudi kwenye tangi. Asubuhi ya siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa amemeza kidonge kile kile, cha buluu ile ile. Chake kilikaa ndani ya kopo la peremende za koo, nyuma ya picha ya Bikira Maria, katika chumba alichopewa na shangazi yake tangu mama yake alipokwenda kuolewa Torino.

Dawa ile aliijua kuliko alivyozijua sala zake. Si ya mgonjwa. Ni kinga ya mzima: mwanamume asiye na virusi vya UKIMWI anaimeza kila siku, ili hata akikutana navyo visipate pa kukaa mwilini mwake. Kila baada ya miezi michache unarudi hospitali, wanatoa damu, wanakuuliza habari za maisha yako bila kukukodolea macho, wanakupa nyingine. Ndiyo yote. Kigumu kilikuwa kupanda ngazi za hospitali.

Siku yake ya kwanza aliizunguka hospitali nzima kama mtu aliyepoteza mbwa. Mvua ilikuwa inanyesha na yeye amevaa miwani ya jua. Fiorenzo ndiye aliyemkuta getini.

"Wewe si mpwa wa Titina? Mbona umevaa kama mlinzi kwenye harusi ya jambazi? Vua hayo madude. Utateleza uvunjike, wakupeleke kitengo cha mifupa badala ya kwetu."

"Nimekuja kumtazama mgonjwa," Raimondo alisema.

"Bila hata chungwa mkononi? Mgonjwa gani huyo umchukiaye hivyo? Twende, mwanangu."

Ndani, kwenye benchi, wanaume walikuwa wamekaa wakitazama viatu vyao, kila mmoja amejikunja juu ya aibu yake kama kuku juu ya yai. Fiorenzo alipita akiwaamkia kwa majina, kwa sauti ile ile ya kuitia namba. Alimuuliza daktari, "Mama yako nyonga inaendeleaje?" Kisha akaketi katikati ya benchi, akafungua pakiti ya biskuti, akaipitisha. Raimondo alimtazama akaona mtu asiyebeba aibu mahali popote. Ni kama aliagizwa aje nayo akaisahau nyumbani. Baadaye ndipo alipokuja kufahamu kwamba karibu nusu ya wanaume wa benchi lile waliletwa na yeye, wengine kwa kushikwa mkono, wengine kwa kutukanwa.

"Mimi nilikuwa kijana zama zile za kuzikana," Fiorenzo alimwambia siku hiyo, biskuti mdomoni. "Niliokuwa nacheza nao dansi niliwazika mmoja baada ya mwingine. Wengine majeneza yao yalitolewa kwa mlango wa nyuma, majirani wasione. Kwa kidonge hiki wangetambaa kwa magoti hadi Roma. Wewe unaona haya kupanda ngazi."

Raimondo akapanda. Lakini haya haikumtoka. Aliihamishia ndani ya kopo la peremende. Maana maneno hayakuwa ya kina Titina peke yao. Kule baa, miongoni mwa wanaume wapendao wanaume kama yeye, Ottavio mwenye duka la viatu alikuwa na msemo wake: vidonge vile ni vya wasiojua kufunga zipu. "Mwanamume mwenye heshima hana haja navyo," alisema, na meza nzima ikacheka, na Raimondo akacheka pamoja nao, kidonge cha siku ile hakijamaliza hata kuyeyuka tumboni.

Asubuhi ya Jumapili alikwenda karakanani. Alimkuta Fiorenzo amelala chali chini ya kochi, miguu tu inaonekana.

"Wamekuchezea," Raimondo alisema.

"Najua. Muuza magazeti kanipa pole akanibusu hewani, hatua tatu mbali nami." Akajikokota kutoka chini. Alikuwa mwanamume mnene, nywele zimepakwa rangi nyeusi isiyoficha kitu. "Wameweka zipi?"

"Kumi na nane na sitini."

"Sitini? Mimi nalalama? Mimi! Katika watu wote wa kichochoro kile!" Akakaa juu ya kochi lisilo na mto. "Halafu angalia dhuluma: ugonjwa ni wangu, wanaoshinda ni wao, mimi sina hata senti. Angalau wangeniambia nami niweke."

Akacheka, na Raimondo akacheka, kisha kicheko cha Fiorenzo kikaisha kabla ya cha mwenzake.

"Leo jioni watakunyang'anya kikapu," Raimondo alisema. "Shangazi amemwambia Pupella ajiandae. Kila mtu ataleta maharage yake mwenyewe ya kufunikia namba, wasiguse cha mkononi mwako."

Fiorenzo aling'oa kwa vidole msumari uliopinda. Kiti kile alikirithi kwa wakongwe wa mtaa, wale waliozaliwa wanaume wakaishi kike, ambao waliita namba, wakiziunga kuwa hadithi moja, miaka na miaka kabla yake na wakampa yeye shali. Alikuwa na karakana, alikuwa na makochi ya watu, lakini Jumapili jioni ndiyo iliyokuwa maisha yake, na wote wawili walilijua hilo.

"Waonyeshe majibu ya hospitali," Raimondo alisema. "Unayo. Waonyeshe wewe ni mzima, yaishe."

"Ili?"

"Wanyamaze."

"Na Amedeo je?"

Amedeo alikuwa fundi saa wa mtaa wa pili. Alikuwa na virusi, anameza dawa zake, ana nguvu za kubeba piano, na tangu habari zake zijulikane hajaalikwa kwenye meza yoyote ya kichochoro.

"Nikipita mlango kwa mlango na karatasi," Fiorenzo alisema, "nitakuwa nawaambia nini? Kwamba mimi si kama Amedeo. Kwamba angekuwa Amedeo, mngekuwa na haki kumfanyia haya. Hapana, mwanangu. Mlango Amedeo asioweza kuupita, mimi sitaupita kwa karatasi." Akachukua nyundo. "Wanitoe kwa sheria ya mchezo, kama wanaweza. Mwita namba akikatika hadithi, anatoa kikapu. Hebu wanikate."

"Unaogopa?"

"Kama mwanamke mwenye uchungu. Nipe misumari hiyo."

Raimondo alimpa misumari. Njia nzima ya kurudi alikuwa akijiuliza ni kitu gani alichopewa mtu yule ambacho yeye amenyimwa.

Chumba cha Titina kiko chini kabisa, mlango wake unafunguka moja kwa moja kichochoroni. Siku ya mchezo wanawake hukaa ndani, na pamoja nao wanaume wa aina ya Fiorenzo, wale wasiojificha. Wanaume wengine husimama nje wakichungulia. Ndivyo ilivyo, hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Raimondo alisimama nje tangu utotoni, na siku hiyo alisimama nje, bega kwa bega na Ottavio. Titina alilijua la mpwa wake kupenda wanaume, kama mtu anavyojua bei ya dhahabu asiyokusudia kununua; halikuzungumzwa.

Fiorenzo aliingia na shali yake na mfuko wa machenza. Desturi ni kwamba mwita namba anamenya machenza, anagawa maganda, na wachezaji wanayavunjavunja ili kufunikia namba kwenye kadi. Alimenya. Akanyoosha mkono uliojaa maganda juu ya meza. Hakuna aliyenyoosha wake. Badala yake vikasikika vifuko vikifunguliwa, na maharage yakamwagika mezani, kwa kila mtu rundo lake.

Mkono ulibaki hewani. Raimondo aliutazama mkono ule hadi macho yakamuuma.

"Aa," Fiorenzo alisema. "Leo kuna supu." Akayaweka maganda kando, akala chenza lote peke yake, bila haraka, mbele yao.

"Fiorenzo, mwanangu," Titina alianza, kwa sauti ya msibani, "sisi tunakupenda. Ila ukichoka, Pupella yupo."

"Nikichoka au nikifa?"

"Wee! Usiseme hivyo!"

"Kwa nini? Arobaini na saba, maiti, bado hamjaicheza?"

Wanawake wawili wakainamia kadi zao kwa bidii ya ghafla.

"Haya," alisema Fiorenzo, akatikisa kikapu. "Themanini na mbili! Meza iliyoandaliwa. Hapo kale, yaani jana Jumamosi, kichochoro kimoja kiliandaa karamu ya matanga. Walikaanga, walichemsha, mwenye duka akanunua mizani mpya."

"Mizani ilikuwa imeharibika!" Titina alifoka.

"Arobaini na nane! Maiti anayesema. Ngo ngo ngo. 'Nani?' 'Mimi maiti. Nimesikia harufu ya samaki wa kukaanga, nimekuja kula.' 'Rudi ukalale, bwana wee, unatuharibia namba!'"

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Mwingine akafuata. Kicheko kikakimbia meza nzima kama moto kwenye makuti, na hata wanaoona haya kucheka walicheka, wakijifunika kwa kadi. Pale mlangoni Raimondo alihisi kifua kikimfunguka. Hebu mtazame, alijiambia. Mtu kafanyiwa matanga yake, na yeye ndiye anayewachekesha wafiwa.

"Tisini! Woga. Maiti akauliza, 'Nani kapika chakula hiki?' Wakamwambia, 'Woga ndiye kapika.' Akaonja. Akasema, 'Namjua mpishi huyu. Alipika pia wakati ule, nyumba za rafiki zangu. Chumvi yake haijapungua.'"

Kicheko kikashuka. Fiorenzo akatia mkono, akatoa namba, akaitazama kidogo kabla ya kuitaja.

"Kumi na nane," alisema. "Damu."

Hakuna aliyeweka haragwe.

"Damu yangu, mabibi, inatazamwa hospitali kuliko mnavyotazama wachumba wa binti zenu. Kile kidonge mlichokiona ni cha mzima. Ni mwavuli. Mwavuli hubebwa na aliyelowa, au na asiyetaka kulowa? Na wapo wanaomeza vidonge vingine kwa kuwa mvua imeshawanyeshea. Hao nao wanaishi, wanafanya kazi, na maganda ya machenza mikononi mwao hayamwambukizi mtu yeyote. Hata ningekuwa mmoja wao, leo ningekaa kiti hiki hiki. Damu, kumi na nane. Funikeni namba zenu."

Haragwe moja likasikika, kisha la pili. Raimondo alidhani mambo yamekwisha, kwamba Fiorenzo ameshinda. Ndipo ikatoka themanini.

"Themanini. Mdomo. Na maiti akafungua mdomo wake..."

"Mdomo!" Titina alidakia, amesimama, mikono kiunoni. Hakuwa na chuki. Alikuwa kama mtu anayetaka kuamini lakini hajalipwa bado. "Mdomo gani wa mzima unameza dawa? Nina umri huu sijawahi kuona mzima ananunua gongo la kutembelea. Wewe namba zako zimetoka, wewe hatukuhesabu. Nipe mwingine. Mzima mmoja anayemeza hicho kitu. Jina!"

"Jina!" Pupella akaitikia.

"Jina! Jina!" Meza nzima sasa, viganja vikigonga ubao.

Hiyo nayo ni sheria. Wachezaji wakidai jina, mwita namba hutoa jina la mtu aliyepo, chumbani au mlangoni, na mtu huyo huchekwa, na hadithi inasonga. Fiorenzo alishawahi kuwataja wote, mapadri na polisi pamoja. Angeweza kutaja lolote. Lakini jioni ile jina lolote lingeogeshwa tope, na jina la kweli alikuwa nalo, limesimama hatua chache mbele yake, limevaa fulana ya duka la samaki.

Hakulitazama. Raimondo alikuja kulikumbuka hilo kuliko yote: macho ya Fiorenzo hayakugusa hata kizingiti. Yalikwenda kwenye kikapu yakabaki huko. Mdomo wake ulifunguka, ukafunga. Mtu aliyewaitia namba hizi kwa miaka yote ile bila kukatika, aliyewaitia akiwa na homa, aliyewaitia siku aliyomzika mama yake, alinyamaza.

Viganja vikaacha kugonga. Wanawake walitazamana, kama watu waliosukuma mlango kwa nguvu wakakuta haukufungwa.

"Nimekatika," Fiorenzo alisema. Akakinyanyua kikapu kutoka mapajani, akakiweka mezani, akakisukuma kwa vidole viwili kuelekea kwa Pupella. Kisha akaanza kuvua shali.

"Bibi kaishiwa leo," Ottavio alisema sikioni mwa Raimondo, akicheka. "Hakuna wa kumtaja. Nani ajitaje, mwenye kujiheshimu?"

Raimondo alimgeukia akamtazama, viatu vyake vizuri, ndevu zake zilizochongwa. Woga aliokuwa nao haukupungua hata chembe. Aliwaza chumba chake, kopo lake, mkono wa shangazi yake ukigawa mkate mezani. Kisha akaona vidole vya Fiorenzo vikihangaika na kifungo cha shali, havikioni, na miguu yake ikavuka kizingiti kabla hajaipa ruhusa.

"Raimondo," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. Akarudia. "Jina ni Raimondo. Mimi nameza. Kila asubuhi, kidonge hicho hicho, na ni mzima. Yeye ndiye aliyenipeleka. Amenyamaza kwa ajili yangu."

Wa kwanza kusema alikuwa Fiorenzo, na alikuwa amekasirika kweli.

"Nani kakuita wewe? Nilikuwa nimenyamaza vizuri! Mara moja katika maisha yangu nanyamaza, mpumbavu mmoja anakuja kunikatiza!"

Mtu alicheka, akajuta. Mwanamke mmoja akakusanya maharage yake, punje kwa punje, akambusu Titina shavuni akatoka. Dada yake akamfuata. Hawakurudi siku ile, wala hawajarudi mpaka leo. Ottavio naye hakuwapo tena mlangoni.

Titina alikuwa bado amesimama. Alimtazama mpwa wake kuanzia viatu hadi nywele, kama anavyotazama samaki aliyeletwa bila kuagizwa.

"Nyumbani kwangu?" alisema.

"Nyumbani kwako, shangazi."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

Akakaa. Akachukua haragwe moja akalizungusha kati ya vidole. "Endeleeni," aliwaambia wote, bila kumtazama mtu. "Pupella, sheria ni sheria. Ita."

Pupella akakipokea kikapu. Alikuwa mwanamke mwema, mpishi hodari, na alizisoma namba kama mtangazaji wa stesheni ya treni. "Thelathini na moja," alisema. Akangoja. "Sita." Akangoja. "Hamsini na tatu." Hakuna hadithi, hakuna mzee, hakuna mwizi, hakuna mume aliyejificha kabatini. Maharage yaliwekwa moja moja, kama watu wanaolipa kodi. Fiorenzo alikuwa amejitafutia kiti pembeni, amekunja mikono, amefumba macho kama mtu anayesikiliza muziki mtamu.

"Sitini na nne," Pupella alisema, jasho likimtoka.

"Basi!" Mwanamke wa mwisho wa meza alitupa kadi yake. "Yesu wangu, basi! Mimi nimekuja kucheza au kungoja treni ya Salerno? Titina, mwambie arudi!"

"Mwambieni ninyi."

"Wewe ndiye uliyemtoa!"

Titina alimgeukia Fiorenzo. Ilimgharimu, shingo yake ilipanda rangi. "Rudi kitini."

"Mimi mgonjwa," Fiorenzo alisema, macho bado yamefumbwa. "Namba zimesema."

"Namba nazo hukosea."

"Kumbe! Waandikie wenye bahati nasibu kule Roma uwaambie, uwarudishie na mizani."

"Fiorenzo. Nakuomba."

Akafumbua macho. "Jumapili ijayo nakuja na Amedeo. Atakaa pale, karibu nawe. Atakula kwenye sahani yako, na maganda atagawa yeye."

Chumba kizima kilimgeukia Titina. Kwenye uso wake Raimondo aliona woga ule ule aliomeza nao kidonge kila asubuhi, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma.

"Ile fundi saa?" Titina alisema mwishowe.

"Yule. Si ile. Mtu ni yule."

"Yule." Akashusha pumzi. "Mlango nafunga saa kumi na moja. Asichelewe. Mimi simngojei mtu."

Si ahadi kubwa. Pupella hata hivyo alishakimbiza kikapu kwa mwenyewe kama anayetua mzigo wa kuni, na wanawake wakapiga makofi, na Fiorenzo akajifunga shali upya, akichukua muda wake, akiwaacha wamtazame.

Raimondo alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, hajui kama aende mlangoni au abaki. Titina alisukuma kigoda kwa mguu kikamgonga kwenye goti.

"Kaa. Unaziba taa." Akamwekea kadi moja mbele yake, kwa nguvu, kama anayempa adhabu. Alikuwa bado hamtazami. Fiorenzo alishaanza hadithi mpya, ya padri na mbuzi, na kelele zilikuwa zimerudi juu, ikambidi Titina asogee karibu ili asikike.

"Hicho kitu," alisema. "Unakimeza na nini?"

"Na kahawa."

"Tumbo tupu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mjinga," Titina alisema, akageukia kadi yake.